Mtunza Vyombo na Chombo Namba Moja

Kabla hajakusalimia, Mtunza Vyombo alikutazama mikono. Kama umebeba kitu alitaka kujua ni cha nani. Hata ukiwa na mwavuli wako mwenyewe, umeununua jana tu sokoni, atauchukua, ataugeuza, atatafuta alama kwenye mpini, na asipoiona atatikisa kichwa: "Huu utapotea." Hapo ndipo anakupa mkono na kukuambia kamwene.

Nimekaa naye mji mmoja, Makambako, miaka mingi sana, na sijawahi kumwita kwa jina lake. Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mtunza Vyombo kwa sababu ndiyo nafasi aliyokuwa nayo katika kamati ya misiba ya mtaa wetu, na nafasi hiyo ilimkaa mwilini hadi jina likakosa kazi. Alizaliwa wapi, baba yake nani, alisoma hadi darasa la ngapi, sijui, na leo sina haja ya kwenda kuuliza. Ninachojua ni kile nilichokiona nikiwa nyuma ya mashine yangu ya kutoa kopi, maana nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi jirani na ofisi ya mtaa, na huko ndiko alikokuwa akija kila mara na daftari lake kwapani. Yeye naye hakuwahi kunishika jina. Aliniita Kopi.

Wageni wakija kuangalia makumbusho yetu huuliza nani aliyaanzisha. Mwenyekiti wetu, mstaafu wa reli, mtu wa suti na kofia, huwajibu kwa hotuba ndefu yenye wajumbe, kikao na muhtasari. Ni kweli kikao kilikuwepo, na muhtasari niliuchapa mimi. Lakini makumbusho hayakuanzia kwenye kikao. Yalianzia kwenye vyombo vya msiba visivyochukuliwa.

Kwetu mtu akifiwa, vyombo huja kabla ya maneno. Huyu analeta sufuria ya ugali, yule sahani kumi na mbili, mwingine beseni, ndoo, mwiko, chupa ya chai. Jiko linapigwa nyuma ya nyumba, watu wanapikiwa mpaka msiba unaisha. Halafu siku ya mwisho wanawake wanakaa chini wanasugua masizi kwa majivu na mchanga, na vyombo vinapangwa kila mtu achukue chake. Ndiyo maana kila nyumba ina alama. Wengine hupaka rangi ya kucha chini ya sahani, wengine hukwaruza herufi kwa msumari, wengine hufunga kitambaa kwenye mkono wa sufuria. Mama mmoja jirani yangu alitoboa vikombe vyake vyote tundu dogo kwenye ukingo, kwa hiyo ukinywea chai kwake lazima ujue upande.

Na pamoja na alama zote hizo, kila msiba huacha kitu. Mfuniko mmoja, bakuli mbili, sufuria ambayo kila mtu akiulizwa anasema si yangu. Mji wetu ni wa njia panda. Reli inapita, barabara kuu inapita, watu wanakuja kutoka Wanging'ombe na Makete na Ludewa na Mbeya, wanapanga chumba, wanafanya kazi, wanahama. Mtu anahama, sufuria yake bado iko msibani.

Hivyo vilivyobaki ndivyo alivyovitunza. Kwanza chini ya kitanda chake, halafu chumba kizima, halafu ghala la mahindi la mtaa ambalo lilikuwa halitumiki. Aliviandika kwenye daftari: alama ya kila kimoja, msiba wa nani, jiko lilikuwa upande gani. Hakuandika bei wala umri wa chombo, hivyo havikumhusu. Watu wakawa wanakuja kutafuta. Mtu anakuja kutafuta mfuniko, anaona beseni la bluu lenye maua, anasema, "Hili si la yule mama aliyekuwa anauza vitumbua pale stendi ya zamani?" Wa pili anajibu kwamba siye, wa tatu anaingia kuamua ubishi, na saa moja inapita. Mfuniko wenyewe umeshasahauliwa. Siku moja Mwenyekiti, ambaye wakati huo hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote, aliingia kujikinga na upepo, na upepo wa Makambako unaujua ukishatiwa vumbi machoni. Akasikiliza ubishi ule mpaka mwisho. Alipotoka alikuja kwangu moja kwa moja, kofia mkononi, akasema, "Bwana, mnajua kwamba ile ni historia?"

Ndivyo chama chetu cha historia kilivyozaliwa. Akawa mwenyekiti yeye, mtunza vyombo akawa yuleyule, na mimi nikawa katibu kwa kuwa nina mashine.

Wawili hao hawakuelewana hata siku moja, na nadhani ndiyo sababu chama kilidumu. Mwenyekiti alitaka mikuki. "Watu wakija makumbusho wanataka kuona mikuki na ngao, mama, na viti vya watemi."

"Walete hao watemi waje kuchukua viti vyao," alimjibu. "Mimi ninavyo vyombo vya watu."

"Lakini sufuria kila mtu anayo nyumbani!"

"Ya kwake anayo. Ya mwenzake je?"

Vibandiko vya vyombo vilichapwa kwangu, na hapo ndipo nilipomfahamu vizuri. Alikuwa akisimama nyuma ya bega langu, akisoma kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Hakupenda neno "kale". Hakupenda "mali ya". Siku niliyothubutu kuandika "Bakuli la zamani" alinikata kauli: "Hakuna bakuli la zamani, Kopi. Kuna bakuli ambalo mwenyewe hajaja." Kwa hiyo ukiingia kwenye ghala letu utakuta vibandiko ambavyo sijaviona kwenye makumbusho mengine: *Beseni. Kitambaa chekundu mkononi. Msiba wa fundi viatu. Mwenyewe anatafutwa.* Au: *Vikombe vitatu. Msiba wa mtoto wa mwalimu. Mwenyewe alihamia Njombe, hajapita.*

Na kweli wengine walipita. Mtu alikuja akiwa na mvi, akaona kibuyu cha mama yake, akakipakata kama mtoto, akaenda nacho. Mwenyekiti alishika kichwa. Makumbusho gani haya, alisema, yanayopungua? Tena si hivyo tu, vyombo viliazimwa. Kukiwa na harusi na sufuria kubwa zimepungua, Mtunza Vyombo alitoa za kwenye rafu. Wanafunzi wa shule moja walikuja na mwalimu wao, wamepanga mstari, madaftari mkononi, wakakuta rafu nzima iko wazi na karatasi imebandikwa: *Zimeenda harusini. Zitarudi Jumanne.* Mwalimu alikasirika, lakini watoto waliandika vilevile kwenye madaftari yao.

Ungedhani mtu wa namna hii nyumbani kwake kumejaa vitu vya enzi za kale. Hata kidogo. Nilipokwenda mara ya kwanza nilikuta plastiki tupu: ndoo za plastiki, viti vya plastiki, maua ya plastiki juu ya kabati. Alipikia gesi na akasema kuni zinamwumiza macho. Nilipomtania kwamba mtunza historia anakula kwenye sahani ya juzi, alicheka mpaka akakohoa. "Vya zamani vina watu, mwanangu. Mtu nyumbani kwake anataka apumzike."

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliweza kukuambia sahani fulani ilikuwa msiba gani, na mvua ilinyesha au haikunyesha, lakini jina la aliyekufa limemtoka. Hakulia misibani. Wenzake walipoangua kilio yeye alikuwa anahesabu mabakuli, na wasiomjua walimwona ana roho ngumu. Mimi nilimwona siku moja nyuma ya turubai, ameshika sufuria moja ya marehemu mwenyewe, hajui aipange fungu gani maana aliyekuwa akiichukua kila siku ya mwisho ndiye tuliyemzika. Alisimama nayo muda mrefu sana.

Na mtu huyohuyo, aliyehangaika na kijiko cha mwenzake miaka na miaka, alikuwa mwizi wa kalamu zangu. Sina neno jingine. Kila alipokuja alichukua kalamu mezani, akaandika, akaondoka nayo. Nilimdai, akaapa hajaiona. Nilizifunga kwa uzi, akaondoka na uzi.

Sasa niseme kuhusu chombo namba moja.

Kwenye rafu ya kwanza, mkono wa kushoto ukiingia, ilikaa sufuria ya ugali, nzito, ya zile za alumini za zamani, haina mfuniko, na kwenye ukingo wake ina mikato mitatu iliyokatwa kwa tindo. Kibandiko chake kilikuwa na maneno mawili tu: *Ina mwenyewe.* Haikutajwa msiba wala mtu. Haikuazimwa kamwe, hata harusi ya mtoto wa diwani ilipokuja kuiomba. Nilimuuliza mara nyingi. Alikuwa akinijibu kwa kuniuliza kama nimeshakula. Jambo moja alilisema waziwazi, nikiwa peke yangu naye: "Mimi nikifa kabla hii haijarudi, nimekufa vibaya."

Kidogokidogo nikaanza kuchunguza mwenyewe. Kwenye daftari niliona mikato mitatu inajirudia. Sufuria ya msiba huu, mikato mitatu. Ya msiba ule, mikato mitatu. Nyumba tofauti, mitaa tofauti. Nikamwonyesha nikijisifu kwamba nimegundua jambo, naye akaniangalia kama mtu aliyechoka.

"Umechelewa," alisema. "Mimi nililigundua zamani." Akanieleza. Palikuwa na fundi mmoja sokoni, aliyekuwa akiuza sufuria na kuziba zilizotoboka. Kila aliyenunua kwake alikatiwa alama palepale, sufuria imefunikwa, tindo linapita kwenye mfuniko na ukingo kwa pigo moja. Ya chai mkato mmoja, ya mboga miwili, ya ugali mitatu. Ilikuwa alama yake yeye ya ukubwa. Lakini kwa kila mama alisema, "Hii ndiyo alama yako, usiisahau." Na akina mama hawakusahau. Nusu ya mji ilikuwa na mikato mitatu, na kila nyumba ikajua ni yake peke yake.

"Alikuwa mtu mcheshi tu," alisema Mtunza Vyombo. "Hakujua anatufanya nini." Kisha akafunga daftari.

Mambo yalifika ukingoni tulipotaka kukisajili chama. Bila usajili ghala lingerudi kwenye matumizi mengine. Hilo tuliambiwa wazi na kwa heshima. Afisa alikuja kutoka Njombe, kijana mpole, akatembea rafu kwa rafu, akafurahi kweli. Kisha akatoa fomu. Kila kilichomo kiorodheshwe kuwa mali ya chama, na mtunza aweke sahihi.

Mtunza Vyombo alisoma kwa kidole, taratibu, hadi mwisho. Akairudisha. "Siwezi."

"Mama, ni utaratibu tu," alisema Mwenyekiti, jasho linamtoka na ilikuwa Julai, baridi ya kutoa moshi mdomoni.

"Hivi vina wenyewe."

"Wenyewe wako wapi? Miaka yote hii!"

"Kama hawapo ndiyo viwe vyako?"

Mwenyekiti alitoka nje akavaa kofia yake kinyume. Afisa aliacha fomu mezani, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki katikati, na nakiri nilimkasirikia mama yule. Niliona anabomoa kwa mkono mmoja kitu alichokijenga kwa miaka, kwa ajili ya ukaidi tu. Sikumwambia, lakini nadhani alinisoma usoni.

Siku ya tatu alikuja kibandani asubuhi. Hakutazama mikono yangu. Alivuta stuli akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote alisimama.

"Kopi, leo tuandike namba moja."

Nikafungua ukurasa. Akasema, mimi nikachapa: *Sufuria ya ugali. Mikato mitatu. Katika msiba wa fundi cherehani nilimnyang'anya mwenyewe mbele ya watu, nikamwita mwizi.*

Vidole vyangu vikasimama.

"Umesimama nini? Herufi zimekwisha?"

Nikaendelea. *Alikuwa mama mpangaji, muuza usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Lupingu. Hakuwa mwizi. Sufuria yangu ilikuwa Wanging'ombe kwa wifi yangu. Anayemfahamu mama huyu aseme.*

Mashine ilipokuwa inatoa karatasi alinieleza yaliyobaki, macho yake barabarani. Wakati ule hakuwa mtunza wa chochote, alikuwa mama wa kawaida aliyeleta sufuria msibani, au aliyedhani ameileta. Kumbe mumewe aliiazimisha kwa dada yake Wanging'ombe bila kumwambia, na iliyokwenda msibani kutoka nyumbani kwao ilikuwa ndoo tu. Siku ya mwisho akamwona mgeni yule anaondoka na sufuria yenye mikato mitatu. Akapiga kelele.

"Alisema 'Ni yangu, dada.' Mara moja tu, Kopi. Amejikunyata pale, kanga imemfunika mpaka kidevuni, hii baridi yetu hakuizoea. Mimi nilisema mara kumi. Watu wakamwamini aliyesema mara nyingi. Wazee wa kamati wakamnyang'anya sufuria wakanipa mimi. Mwenye nyumba akamwambia hapangishi wezi."

Wiki mbili baadaye wifi akarudisha sufuria. Mtunza Vyombo aliziweka mbili sakafuni, pamoja, akaziangalia, mikato mitatu na mikato mitatu. Alikwenda mbio hadi kwenye chumba cha yule mpangaji. Kilikuwa kimefagiliwa, mgeni amerudi kwao ziwani. Alitaka kumfuata. Hakujua jina lake wala nyumba yake, na aibu ikamzuia. Akasema mwezi ujao, akasema baada ya mavuno. Ndipo akaenda kwenye kamati akaomba yeye atunze vyombo vya misiba yote, ili mtu mwingine asije akaitwa mwizi tena. Watu walimsifu kwa moyo wake. "Wakanisifu," alisema, akaichomoa karatasi kwenye mashine.

Nilimwonea huruma, na nikajionea aibu kwa hasira yangu ya siku tatu.

Mwenyekiti hakutaka kibandiko kile kiwekwe. Alisema kinaaibisha mji, na wazee wengine wa kamati ile bado wako hai. Mtunza Vyombo alikibandika mwenyewe, kwa gundi yangu. Kisha jambo likatokea kwa urahisi mpaka nikashangaa kwa nini halikutokea mapema: mwanamke anayeleta usipa sokoni kwetu aliingia kuazima beseni, akasoma, akasoma tena, akapiga picha kwa simu. Jumamosi akarudi na jibu. Mama yupo. Ana wajukuu. Amesomewa maneno yote. Na amesema hivi: "Mwambieni ailete mwenyewe."

Miguu ya Mtunza Vyombo ilikuwa imevimba wakati huo, alikuwa na karatasi ya kwenda hospitali Ikonda. Akasema Ikonda itasubiri. Nilifunga kibanda nikaenda naye. Basi hadi Njombe, basi hadi Ludewa, halafu gari la mizigo linaloteremka milima kwenda ziwani, na sufuria muda wote mapajani mwake, amekataa isipande juu na magunia. Kadiri tulivyoteremka joto likaongezeka, akavua sweta, akavua kitambaa cha kichwa.

Mama wa Lupingu alikuwa amekaa barazani, mbele yake usipa wameanikwa kwenye vichanja, na jirani yake akisugua chungu cha udongo kwa jiwe. Mwembamba, macho makali, mzima kuliko mgeni wake. Hakuinuka. Mtunza Vyombo alipiga magoti kwa shida, nikataka kumsaidia akanisukuma, akaweka sufuria chini mbele yake.

"Nimeleta, dada."

Yule mama aliitazama. Akapitisha kidole kwenye ukingo, mkato wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akainuka akaingia ndani. Tulisikia anaondoa vitu, boksi linaburutwa. Mtunza Vyombo hakuinua uso. Mimi nilidhani amekwenda kulia.

Alitoka na mfuniko.

Aliuweka juu ya sufuria, akauzungusha polepole, mpaka mikato mitatu ya mfuniko ikakaa sawasawa juu ya mikato mitatu ya ukingo, mistari imenyooka kama ilivyokatwa siku ile kwa pigo moja la tindo.

"Nilikuwa nao mkononi," alisema. "Pale pale, ndani ya kanga. Nilingoja mmoja aniulize, mama, umeshika nini. Watu wote wale."

Mtunza Vyombo alilia. Sikuwahi kumwona akilia katika misiba yote ya Makambako, na alilia pale kwa sauti, mbele ya majirani, bila kujifuta. Mama wa Lupingu alimwacha alie. Hakumbembeleza na hakumfukuza. Baada ya muda alichota maji, akawasha moto, akabandika sufuria ile, akamwambia mjukuu wake alete unga wa muhogo. "Wametoka mbali," alisema. Tukala ugali na usipa, sote kwenye sinia moja. Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemuuliza. Tulipoondoka alitusindikiza hadi kwenye gari, akamshika Mtunza Vyombo mkono akampandisha.

Usajili ulipita. Afisa alirudi, akasoma kibandiko cha namba moja mbele ya rafu tupu, akafuta kwenye fomu neno "mali" akaandika "amana" kwa mkono wake. Mtunza Vyombo akaweka sahihi.

Mara ya mwisho kumwona kibandani ilikuwa mwezi uliopita. Ametoka Ikonda, amekonda, anatembelea fimbo yenye alama ya rangi ya kucha. Alikuja kwa ajili ya rafu ya kwanza, maana Mwenyekiti hatimaye amepata mkuki na anataka auweke pale palipobaki wazi.

"Pabaki hivyohivyo," alisema. "Kibandiko kibaki. Ila ongeza mstari chini."

"Niandike nini?"

Alifikiri, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Andika: *Imerudi kwa mwenyewe. Mfuniko alikuwa nao mkononi, hatukumtazama.*"

Nikachapa, nikatoa, nikampa. Alisoma kwa kidole hadi mwisho, akakunja karatasi, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniaga. Nilimtazama mikono alipokuwa akitoka kwenye upepo. Alikuwa na fimbo, daftari, karatasi, na kalamu yangu.